Chuma Alichokipepeta Mwalimu

Kwa miaka mingi Mwalimu alitembea juu ya bomba la maji la mtaa wetu, mashine ya kutafutia vyuma mkononi na spika masikioni, na hakulisikia hata mara moja. Ni yeye huyohuyo aliyewahi kuipata hereni ya mtoto mchanga katika shamba la mihogo lililokuwa limekwisha kulimwa. Bomba lenyewe ni la chuma, nene kama kifundo cha mkono, na limelala chini ya njia aliyoipita kila asubuhi akienda sokoni. Habari hiyo ilipojulikana, wako waliocheka na wako walionuna. Walionuna walikuwa na sababu. Newala ikifika kiangazi, ndoo moja ya maji ndiyo inayoamua kama leo utaoga au utafua, na maji ya mtaa wetu yalikuwa yamekwama kwa jambo moja tu: hakuna aliyejua bomba la zamani linapita wapi.

Nilimjua kwanza akinifundisha sayansi kimu shule ya msingi, kisha tukawa majirani alipostaafu. Jina la mama huyu halitumiki. Mtaani kwetu wapo walimu wengi, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, hakuna atakayekuuliza yupi.

Alianza kutafuta vyuma zamani, kabla hata hajaiona mashine. Darasa letu la kushona lilifanyikia kwenye veranda yenye sakafu ya mchanga, na sindano zilikuwa za kuhesabu. Ikidondoka moja, somo lilisimama. Mwalimu alitoa mfukoni sumaku kubwa ya spika ya redio iliyokufa, iliyofungwa kamba ya katani, akaanza kuiburuta mchangani polepole kutoka ukutani kuja kwetu. Sisi tulisimama juu ya madawati. Mtu akilalamika kwamba kengele ya kurudi nyumbani imekwisha kulia, Mwalimu alimtazama juu ya miwani.

"Sawa. Shuka basi uitafute kwa kisigino."

Hakuna aliyeshuka. Sumaku ilirudi na sindano, na mara nyingi ilirudi pia na vipini vya nywele, nibu za kalamu, na siku moja ufunguo wa ofisi ya mwalimu mkuu, ambao mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kumtuhumu mlinzi kuuiba. Mwalimu aliupeleka mwenyewe ofisini, akauweka mezani, akatoka. Mlinzi alimletea mapapai mpaka Mwalimu akastaafu.

Mashine aliipata kwa mgeni aliyekuwa akifanya kazi Ndanda, mtu wa Ulaya ambaye kwao hutembea mashambani siku za mapumziko akitafuta sarafu za kale. Ulipofika wakati wa kuondoka, mizigo ilimzidi. Mwalimu alikuwa amemfundisha kupika kisamvu cha nazi, na yeye akaona amwachie mashine. Alimwonyesha namna ya kuishika kwa alasiri moja, akampa na kijitabu cha maelekezo. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani. Mwalimu alikifunua, akakifunga, akakitumia kuegemezea mguu mfupi wa meza. Kisha kila kitu cha ile mashine akakipa jina la jikoni.

Kile kiduara cha mbele, ambacho ndani yake mna waya uliozungushwa na ndicho kinachohisi chuma, alikiita sahani. Kuipitisha sahani juu ya ardhi, kulia na kushoto, ilikuwa kupiga pasi, na hapo alikuwa mkali. Kila mpito sharti upande kidogo juu ya mpito uliotangulia, kama unavyonyoosha shuka, la sivyo unaacha mkunjo, na kitu unachokitafuta kitakuwa kimelala kwenye mkunjo huohuo. Kitufe cha kuongeza usikivu alikiita moto. Wageni wa mashine hupenda kuuwasha moto wote, wakidhani watasikia mbali zaidi, matokeo yake mashine inapiga kelele kwa kila punje ya udongo. "Hujaivisha," aliwaambia. "Umeunguza."

Udongo wetu mwekundu una chuma chake wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuanza alisimama mahali pasipo na kitu, akawa anaishusha sahani na kuiinua, anaishusha na kuiinua, huku akigeuza kitufe kingine mpaka mlio wa ardhi ukatulia. Hiyo ilikuwa kuonja chumvi. Lazima ujue maji yenyewe yana chumvi kiasi gani, alisema, ndipo utie ya kwako.

Milio aliifundisha kwa vyombo. Shaba na fedha hulia juu, kama kijiko kikigonga glasi. Vizibo vya soda na karatasi za ndani ya pakiti za sigara hulia katikati, na ndivyo vinavyodanganya watu zaidi. Chuma huguna chini, kama ng'ombe aliyeshiba. Na msumari uliokaa sana ardhini hutia kutu udongo wa kando yake, mashine ikadhani umepata kitu kikubwa. Ukichimba tu, kutu ikatawanyika, mlio unatoweka. "Hiyo ilikuwa harufu," angekwambia, "chakula chenyewe kimeshaliwa."

Jambo kubwa kuliko yote lilikuwa kupepeta. Mashine ina kitufe cha kuiambia iyanyamazie baadhi ya madini na kuyasema mengine, na huku kwetu kitufe hicho hakiepukiki. Maji yetu mengi ni ya mvua. Yanashuka kwenye bati, yanapita kwenye mfereji wa bati, yanaingia kwenye kisima kilichochimbwa uani na kusakafiwa. Kila nyumba imeezekwa, imeezuliwa, imeezekwa tena, na kila fundi aliyepanda juu ameangusha misumari na vipande vya bati. Ukipitisha sahani katika ua wowote wa Newala bila kupepeta, utavua spika masikioni na kwenda kulala. Mwalimu alikigeuza kitufe kile mpaka chuma chote kikanyamaza, akakiacha hapo. Nilikuwapo siku alipokigeuza. Aliniambia kwa furaha, "Sasa nasikia mchele tupu."

Alikuwa na adabu zake za kazi, na mtu aliyezivunja hakwenda naye tena. Humgusii mtu shamba lake bila kumwomba. Shimo ulilofungua unalifunga, na nyasi unazirudisha zilivyokuwa, kichwa juu. Risasi na kitu chochote kinachofanana na bomu hakiguswi. Unaweka alama, unaondoka, unaita polisi. Kwenye uwanda huu vita vya wakubwa vilipita zamani na kuacha taka zake, na mara mbili tatu Mwalimu alitembea mwenyewe hadi kituoni, mikono nyuma, kuwaeleza askari mahali pa kwenda kutazama.

Na akiwa anapiga pasi, husalimii ukategemea jibu. Unasema, "Shikamoo Mwalimu," yeye anainua mkono mmoja. Marahaba inakuja mpito ukiisha. Nimewahi kufika dukani, nikanunua chumvi, nikarudi, ndipo nikaitikiwa.

Wanaotafuta utajiri walimjia kwa wingi kuliko waliopoteza vitu. Kila mtu wa kusini amesikia kwamba Mjerumani alipokimbia alizika mali. Mmoja alitoka Masasi, amevaa koti kwenye jua la saa sita, akamwambia Mwalimu kwamba babu yake alilijua sanduku lilipo, kwenye mahame fulani njia ya Kitangari. Mahame ni pale palipokuwa na kijiji kikahama, na Mwalimu aliyapenda kwa sababu palipokaa watu ndipo palipoanguka vitu.

"Mwenye shamba umemwomba?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, nikimwomba atajua."

"Ndiyo maana ya kumwomba."

Yule bwana akaenda akaomba, mwenye shamba akacheka akaruhusu, akafuata na kiti chake aje kuangalia. Nami nilikwenda. Walipata kifuniko cha kopo la samaki, jembe lililolika mpaka likawa kama kijiko, na kengele ya baiskeli. Yule bwana wa Masasi alivua koti, akaligeuzageuza lile jembe.

"Sasa hivi ni vya Mjerumani?"

"Kama Mjerumani alilima mihogo, ni vyake," Mwalimu akajibu.

Mwenye shamba alianguka na kiti. Mwishowe bwana yule naye akacheka, akatununulia soda sote watatu kwenye duka la njiani. Mwalimu aliinama akakiokota kizibo cha chupa yake, na changu, na cha yule bwana, akavitia mfukoni. "Visije vikanisumbua baadaye," alisema.

Kwa waliopoteza vitu alikuwa mtu mwingine kabisa, mpole kama muuguzi. Mama Lukas, jirani wa nyuma yetu, alipoteza pete ya ndoa wakati wa kuokota korosho. Alikuja analia, ameshika kidole kama kimekatwa. Mwalimu hakuchukua mashine. Alikwenda naye shambani, akamwambia, "Okota, mama."

"Niokote nini, Mwalimu, pete imepotea!"

"Okota korosho kama siku ile. Fanya hivyohivyo."

Mama Lukas akainama, akaokota bibo, akaibandua korosho chini ya tunda, akaitia kikapuni, na tunda lenyewe akalitupa kwa nyuma, upande wa kushoto, bila kutazama. Mwalimu alikuwa anatazama. Juisi ya mabibo ilikuwa imemlainisha vidole, na mkono uliorusha matunda ndio uliorusha pete. Mashine ilipiga pasi kwenye lile rundo la mabibo yaliyooza tu, wala si shamba zima, na kijiko kikagonga glasi kabla chai haijapoa kwenye chupa tuliyokuja nayo. Mama Lukas aliivaa pete ikiwa na nyuki juu yake.

Mtu huyu aliyewapatia wengine vitu alipoteza vyake kila siku. Miwani, ufunguo wa kabati, kitambaa cha kichwa. Miwani ikipotea alikuwa kwenye shida maalumu, kwa sababu bila miwani hawezi kuona vitufe vya mashine ambayo ingemsaidia kuitafuta. Tulikuwa tukiitwa. "Njoo unitafutie macho." Mara nyingi yalikuwa kichwani.

Alichukia uchafu, lakini magoti ya magauni yake yote yalikuwa na rangi ya udongo. Alinawa mikono kwa kikopo cha maziwa kilichotobolewa tundu moja la msumari, maji yakidondoka kama mtu anayefikiri, na maji ya kuoshea vyombo aliyapeleka kwenye waridi lake moja lililokuwa zuri kuliko ya kanisani. Alidai anapenda utulivu. Redio yake tuliisikiliza mtaa mzima.

Aliyemtania kuliko wote ni Baba Zuhura, anayekaa kati ya nyumba ya Mwalimu na barabara. Huyu ana kisima kikubwa kuliko vyote mtaani, na kiangazi huuza maji kwa ndoo. Ni mtu wa maneno, mwenye ndevu anazozitia hina, na hajawahi kumwona Mwalimu akipita bila kumtupia neno.

"Shikamoo Mwalimu wa Vizibo!"

Mkono mmoja juu. Mpito ukaisha. "Marahaba, Waziri wa Maji. Bei imepanda au imeshuka leo?"

"Inategemea wewe na Mungu wako mmeomba mvua kiasi gani."

"Tumeomba nyingi. Tumeomba kisima chako kikose wateja."

Walikuwa wakipelekeana vyakula. Sikukuu ya Idi sahani ya pilau iliruka ua kwenda kulia, Krismasi sahani ileile ikaruka kurudi kushoto na keki.

Hivyo ndivyo mradi wa maji ulivyotukuta. Mafundi wa maji walikuja kulifufua bomba kuu linalopita barabarani. Msimamizi wao, mama mfupi mwenye kofia ngumu ya njano, aliitisha mkutano akatueleza bila kuzunguka. Matawi ya zamani yaliyo mazima watayaunganisha sasa hivi, maana mtaro waliouchimba barabarani uko wazi. Mtaa usioweza kuonyesha tawi lake utasubiri usanifu mpya, na huo hana tarehe yake. Mtaa wetu uliwahi kuwa na kilula, yaani bomba la kuchotea watu wote. Kitako chake cha zege bado kipo karibu na kanisa, watoto hukitumia kupondea kungu. Lakini tawi lililoleta maji pale lilipita wapi? Wazee wetu walisimama wakaonyesha kwa mkono. Kila mzee alionyesha upande wake, na kila mkono ulipita katikati ya ua wa mtu mwingine.

Mwalimu akasimama. "Nitalitafuta."

Alipiga pasi asubuhi mbili mfululizo, mtaa mzima nyuma yake. Akapata vizibo, kijiko, sarafu ya shilingi. Bomba hakuna. Baba Zuhura alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima chake.

"Mwalimu, mashine imezoea soda. Imwagie kidogo ikumbuke maji."

Watu walicheka, Mwalimu akaendelea na mpito wake. Nilimwona amekunja midomo. Mchana alikuja kukaa barazani kwetu, nikampa mhogo wa kuchemsha na chai. Alitafuna kidogo, kisha akaacha kutafuna, mhogo umejaa shavuni.

"Mwanangu," alisema, "bomba la zamani ni la nini?"

"La chuma, Mwalimu."

"Na mimi chuma nimekifanyaje?"

Alikuwa ameshainuka.

"Nimepepeta nikamwaga mchele," alisema akiwa njiani. "Miaka yote! Mchele!" Na alikuwa anacheka, peke yake, kwa sauti kubwa, mpaka Mama Lukas akachungulia dirishani.

Alikirudisha kitufe, chuma chote kikaruhusiwa kusema. Na chuma kikasema. Misumari ya bati ya vizazi vitatu iliguna kwa pamoja. Nilivaa zile spika kidogo nikazivua. Ilikuwa kama zizi la ng'ombe wenye njaa. Mwalimu alisimama katikati ya kelele hiyo amefumba macho. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, yeye aliyetufundisha kuishika sahani karibu na ardhi kama pasi. Aliiinua. Akaiinua mpaka gotini.

"Sufuria ikifurika unainua kifuniko," alisema.

Msumari ni mdogo. Ukiwa mbali nao kidogo tu hausikiki tena. Bomba ni refu na kubwa, na kwa urefu wa goti bado linaguna. Mwalimu alianzia kwenye kitako cha kilula, sahani hewani, akazunguka polepole. Upande mmoja ukaguna. Akatembea, mguno ukatembea naye. Akawa anatuagiza tuchomeke vijiti, na vijiti vikaunda mstari ulionyooka, ukapita nyuma ya kanisa, ukapita kwenye njia yake ya sokoni, ukaingia uani kwa Baba Zuhura.

Hapo mguno ukakatika.

Mwalimu aliuvuka ua, akapita kando ya nyumba, akatokea upande wa barabara. Kwenye ukuta wa mbele mguno ukarudi, ukaenda mpaka kwenye rundo la takataka kando ya mtaro. Mafundi walifukua. Chini ya takataka palikuwa na kifuniko cha chuma, na chini ya kifuniko valvu, imekaa juu ya bomba kuu kama ilivyoachwa. Watu walipiga vigelegele. Msimamizi alishuka shimoni, akaigusa kwa mkono, akasema ni nzima.

Vigelegele vilipokwisha, watu wakaanza kutazama lile pengo. Tawi lilikuwa kwenye ncha zote mbili, na katikati, chini ya nyumba ya mtu anayeuza maji, halikuwapo. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita Newala kila wiki. Hakuna aliyetamka, ila macho yalikuwa yametamka. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Na sakafu ile aliimwaga mwenyewe."

Baba Zuhura alisimama. "Nyumba hii niliinunua," alisema. "Nilipochimbua sakafu nilikuta mchwa. Mchwa tu, wallahi."

"Nani kasema umeiba?" Mwalimu aliuliza, akiwageukia watu. "Mashine imenyamaza. Haikutaja mtu. Bomba likiwa la plastiki, mashine hii hailisikii hata ukiizungushia shingoni. Huenda tawi lilipasuka hapa zamani, wakaliunga kwa plastiki."

"Na huenda lilichimbuliwa," akasema yule wa nyuma.

"Huenda," Mwalimu akakubali. "Mimi sijui. Na wewe hujui."

Aliomba ruhusa kwa Mama Zuhura, akaingia na mashine ndani. Ilipiga kelele kwa kitanda, kwa masufuria, kwa cherehani. Vyote vikatolewa nje, na sakafu ikabaki kimya. Mafundi walichimba kwenye ukuta wa mbele kutafuta ncha ya chuma, lakini ncha yenyewe iko chini ya msingi, na ile nyingine iko chini ya kisima. Msimamizi alikataza wasiendelee. Kuta za nyumba ile ni za tofali mbichi. Kulikuwa na njia moja ya kujua, alisema: kuifungua valvu na kuliacha bomba kuu lilete maji. Kama chini kuna bomba, maji yatatokea kilulani. Kama hakuna, yatatokea ndani ya nyumba, na tofali mbichi hazistahimili maji. Hawezi kufungua bila mwenye nyumba kukubali. Na akikataa, mtaro utafukiwa, mtaa usubiri.

Wote tulimtazama Baba Zuhura. Mwalimu peke yake hakumtazama. Alikuwa anafuta sahani kwa upindo wa kitenge.

"Baba Zuhura," alisema taratibu, "ukikataa hakuna atakayekulaumu mbele yangu."

"Nyuma yako je?"

Mwalimu aliendelea kufuta sahani.

Baba Zuhura alizishika ndevu zake, akaitazama nyumba, akamtazama mkewe. Mama Zuhura alikuwa amekwisha kufunga kanga kiunoni. "Kitanda kiko nje tayari," alisema. "Unangoja nini?"

"Fungueni," Baba Zuhura akasema. "Likiwepo mtakunywa. Lisipokuwepo nitaogelea."

Valvu ilifunguliwa mchana huohuo, lakini maji ya bomba kuu huja kwa mgao, na zamu ya upande wetu ilikuwa haijafika. Msimamizi aliacha mtaro wazi mpaka zamu ipite.

Nilikwenda kuwaona leo asubuhi. Baba Zuhura na Mwalimu wamekaa uani kwenye kochi lililotolewa nje, kila mmoja upande wake, televisheni imewekwa juu ya cherehani na haina waya. Mama Zuhura amewapikia uji. Nyumba iko tupu nyuma yao, mlango wazi, sakafu inaonekana yote. Mwalimu amezoea kuja tangu siku ile. Anakuja baada ya sala yake na anaondoka magharibi ikiingia.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Baba Zuhura."

"Marahaba," waliitikia pamoja, papo hapo.

"Vipi, Mwalimu wa Vizibo," Baba Zuhura akamwambia, "kama ni plastiki, umesema utanipa nini?"

"Sijasema nitakupa kitu. Nilisema nitanunua ndoo ya kwanza kwako, nisikuone unalia kwa kukosa wateja."

"Na kama si plastiki?"

"Basi utahamia kwangu na kochi lako. Ila redio ni yangu."

Alicheka yeye, akacheka na yule, kisha wakanyamaza wote wawili, kwa kuwa Mama Lukas alikuwa anapiga kelele kutoka kanisani. Tulikimbia. Mafundi walikuwa wamefunga bomba jipya na koki juu ya kile kitako cha zege, na koki ilikuwa imeachwa wazi. Mama Lukas alikuwa ameweka kiganja kwenye mdomo wa koki. Nami nikaweka changu. Ilikuwa inapumua. Hewa ya baridi, yenye harufu ya kutu, ilitoka kidogo, ikakatika, ikatoka tena. Msimamizi alisema inaweza kuwa maji ya bomba kuu yameanza kusukuma, na hewa imepata njia mpaka huku. Inaweza pia kuwa ni joto la jua tu kwenye kipande cha upande huu.

Mwalimu alirudi kwa Baba Zuhura. Nilimfuata. Alivua viatu, akaingia katika ile nyumba tupu, akapiga magoti sebuleni na kuweka viganja vyote viwili sakafuni. Baba Zuhura alisimama mlangoni. Saa hii, ninapoandika, zamu ya mgao imeshatangazwa kwa kipaza sauti cha gari lililopita barabarani, koki inapumua bado, na sakafu ni kavu.